Mtoto Anapohamia Nchi ya Theluji: Anunuliwe Nguo Gani?

Mada ya leo huenda ikamshangaza msikilizaji aliyeko Garissa au Kisumu akijipepea kwa gazeti, kwa maana tutazungumza juu ya nguo za baridi. Na si baridi ya Julai ya kule Limuru au Kinangop, ile ya kuvaa sweta mbili na kusogelea jiko. Ni baridi ya nchi za theluji, na hasa Kanada, kwa sababu huko ndiko wanakoelekea akina mama wengi ninaowahudumia kliniki miaka hii.

Wengine wanamfuata mume aliyetangulia kwa masomo au kazi katika miji kama Calgary na Edmonton. Wengine wametoka kambi za Dadaab na Kakuma baada ya kungoja miaka mingi, na sasa safari yao imeiva. Huja kliniki kukamilisha chanjo za watoto, na wakiwa wamefika mlangoni kuondoka ndipo huuliza swali lenyewe: "Sista, huyu mtoto nimnunulie nguo gani?"

Hilo ni swali la afya, na pia ni swali la pesa. Mwaka 2025 dola moja ya Kanada ilikuwa shilingi tisini na kitu. Koti jipya la mtu mzima la majira ya baridi hupita dola 100 kwa urahisi, na hapo hujanunua viatu wala glavu. Zidisha hayo kwa baba, mama na watoto watatu, ilhali mwenye nyumba naye anangoja kodi ya mwezi wa kwanza. Mama akinunua vibaya, mambo mawili hutokea kwa pamoja: pesa zimekwisha na mtoto bado anatetemeka.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi yenyewe. Usiku wa Julai jijini Nairobi, joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi, nasi tunalalamika kweli kweli. Maji huganda kwenye nyuzi sifuri. Friza ya kuhifadhi nyama huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Sasa, katika mji wa Winnipeg, usiku wa kawaida wa mwezi wa Januari huwa baridi kuliko ndani ya friza hiyo. Hata hivyo Kanada ni nchi kubwa mno. Vancouver, ulio pwani ya magharibi, hupata mvua nyingi kuliko theluji, na Toronto una baridi ya wastani ukilinganishwa na Winnipeg. Kwa hivyo kabla ya kutoa shilingi moja, uliza unaenda mji gani na utafika mwezi gani. Anayefika Juni ana miezi kadhaa ya kujipanga polepole. Anayefika Januari atakutana na theluji akitoka tu mlangoni pa uwanja wa ndege.

Jambo ninalotaka ulishike leo ni hili: nguo haina joto. Joto ni la mtoto mwenyewe, linatoka mwilini mwake, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Fikiria chupa ya chai. Chupa haichemshi chai. Ukiweka chai moto inabaki moto, na ukiweka maji baridi yanabaki baridi. Ndiyo maana mtoto aliyekwisha kupoa ukimvika koti zito ataendelea kuwa baridi ndani yake kwa muda mrefu. Mvike akiwa bado ana joto, ndani ya nyumba, kabla mlango haujafunguliwa.

Joto hutoroshwa na vitu viwili hasa, upepo na unyevu. Upepo tunaujua. Unyevu ndio unaowakamata wageni, kwa kuwa mtu hafikirii kwamba katika baridi kali hivyo mtoto anaweza kutoa jasho. Anatoa! Akikimbia na wenzake kwenye uwanja wa shule akiwa amefungwa nguo tano, mgongo hulowa. Kengele ikilia anasimama kwenye foleni, na lile jasho linaanza kupoa. Kama nguo inayogusa ngozi ni fulana ya pamba, imekwisha kunywa maji yote na sasa imemng'ang'ania kama kitambaa cha kukandia homa. Pamba ni nzuri sana kwetu hapa kwa sababu hiyohiyo, hunyonya jasho na kutupoza. Huko, hutaki kupozwa.

Kwa hiyo nguo ya ndani kabisa, ile inayokaa juu ya ngozi, iwe ya sufu laini au ya vitambaa kama poliesta, na iwe yenye kubana mwili kidogo. Sufu ina sifa moja nzuri: hata ikipata unyevu bado hutunza joto. Juu ya hiyo inakuja nguo ya kati, ambayo kazi yake ni kushika hewa. Hewa iliyotulia katikati ya nguo ndiyo blanketi lenyewe. Sweta la sufu linafaa hapa, au kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi kinachoshonewa mablanketi mepesi ya watoto. Mwisho ni koti la nje, la kuzuia upepo na maji. Nguo tatu zenye kazi tatu. Tena zisibanane, kwa sababu zikibanana hewa inakosa pa kukaa, na koti la bei ghali linakuwa kazi bure.

Sweta zetu za shule, zile za rangi ya majani au bluu, nyingi zimefumwa kwa nyuzi za kiwandani na zina matundu. Zinafaa kama nguo ya kati, na ndani ya nyumba zinatosha. Zikiwa juu kabisa, upepo hupita kama kwenye chujio. Zichukue, usizitupe, lakini usizitegemee peke yake.

Haya, tuje Gikomba. Najua utaenda, na mimi mwenyewe ningeenda. Sehemu ya mitumba tunayovaa hutoka Kanada kwenyewe, hivyo huenda ukanunua jaketi lililovuka bahari kwa meli hadi Mombasa, kisha wewe ukalirudisha kwao kwa ndege! Hakuna ubaya. Lakini nenda macho wazi. Wauzaji wana ile nguo ya kwanza kuchaguliwa mtumba ukifunguliwa, wanayoiita kamera, nayo hupendeza macho na bei yake iko juu. Kupendeza si kitu tunachotafuta. Soma lebo ya ndani. Ukiona neno "wool" ni sufu, "cotton" ni pamba, na "down" ni manyoya laini ya ndege kama bata, ambayo ni mepesi na yana joto sana mradi yasilowe. Finya koti kwa mkono kisha uliachie. Likifura tena, bado lina uhai. Likibaki bapa kama chapati, au ukihisi manyoya yamejikusanya upande mmoja, liache. Mwagia matone mawili ya maji begani. Yakiteleza, vizuri. Yakizama, koti hilo limechoka. Vuta zipu juu na chini mara kadhaa, kwa sababu zipu mbovu kwenye baridi ya namna ile ni sawa na kutokuwa na koti. Angalia pia kama mikono yake inabana kwenye kifundo na kama kofia yake ipo.

Hata hivyo, nakusihi usijaze masanduku kwa makoti. Mashirika mengi ya ndege hupima sanduku kwa kilo 23, na koti zito hula nafasi ambayo ungeweka vitu vingine. Mnunulie kila mtu nguo za kumfikisha: nguo ya ndani ndefu, sweta moja zito, jaketi moja la kuzuia upepo, boshori ya kufunika masikio, soksi nzito na viatu vya kufunika mguu wote. Shuka pia ni rafiki mzuri safarini. Vitu hivi usivitie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Viweke kwenye mkoba wa mkononi. Safari ya kwenda Kanada hupitia nchi nyingine kama Uholanzi, Uturuki au Qatar, na masanduku wakati mwingine hubaki nyuma. Hutaki kusimama kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri na mtoto aliyevaa kaptula, eti sweta liko Doha.

Yaliyobaki yanunue ukifika. Huko kuna maduka ya nguo zilizokwisha kutumika, kama Value Village na yale ya Salvation Army, na huko ndiko wenyeji wengi hununulia watoto wao. Mtoto hukua, koti lake huvaliwa miezi michache tu na kuachwa likiwa zima. Majira ya baridi yanapokaribia, makanisa, misikiti na mashirika yanayopokea wahamiaji hugawa makoti bure kwa familia zilizofika karibuni. Uliza mapema, mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla vipimo vya watoto havijaisha. Nimesikia mama akisema ataona haya kupokea. Mama, haya ya nini? Hilo koti limewekwa pale kwa ajili ya mtoto kama wako. Na ukiweza kusubiri hadi mwezi wa Machi au Aprili, maduka huuza nguo za baridi kwa bei ya chini. Hapo ndipo pa kununua za mwaka unaofuata, saizi moja zaidi. Moja, si tatu. Koti linaloburuta huingiza upepo kutoka chini na kumwangusha mtoto kwenye barafu.

Kama pesa hazitoshi kila kitu, na mara nyingi hazitoshi, anza na miguu na mikono. Watu hukimbilia koti kwa sababu ndilo linaloonekana. Lakini mwili unapohisi baridi huvuta damu kuelekea ndani, kwenye moyo na viungo vingine muhimu, na kuziacha ncha: vidole, masikio, pua. Hizo ndizo huumia kwanza.

Viatu viwe mabuti yaliyofunikwa ndani kwa kitambaa cha joto, yenye soli nene isiyoteleza. Akina mama wengi hutaka kubeba gambuti. Mpira mtupu hauna joto lolote; kwenye theluji huwa kama kuuingiza mguu ndani ya barafu. Gambuti litafaa theluji ikiyeyuka na matope kuanza, si kabla. Mvike mtoto soksi atakayoitumia kisha ndipo ajaribu buti, na pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vyake. Ukimvika soksi tatu ukalazimisha mguu uingie, damu haipiti, na mguu uliobanwa hupoa haraka kuliko wenye soksi moja nzuri. Glavu za mtoto mdogo zisiwe zile za vidole vitano. Tafuta zile ambazo vidole vinne hukaa chumba kimoja na gumba peke yake, maana vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Nunua jozi mbili, za kuzuia maji, kwa sababu moja italowa au itapotea. Andika jina la mtoto kwenye kila kitu. Na badala ya skafu ndefu, mnunulie ile ya mviringo inayovaliwa kichwani hadi shingoni. Skafu ndefu inaweza kunaswa kwenye bembea au mtelezo ikamkaba mtoto akicheza.

Shule za huko huwatoa watoto nje kucheza hata kukiwa na theluji, wasipotolewa ni siku ya baridi kali sana. Usigombane na mwalimu ukidhani anamtesa mtoto. Mwulize tu ni nyuzi ngapi wanazoacha kutoka, na uhakikishe mtoto wako ana suruali ya theluji kama wenzake, maana watoto hukaa chini kwenye theluji kama wetu wanavyokaa kwenye mchanga.

Sasa nije kwa mtoto mchanga, na hapa naomba usikilize vizuri.

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko wewe. Ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, kichwa chake ni kikubwa, na hajui kutetemeka ili ajipashe. Hilo ni kweli, na ndiyo maana tukiwa nje tunamvika nguo moja zaidi ya zile tulizovaa sisi. Moja zaidi. Lakini sisi akina mama wa Kenya tunaogopa nimonia, na hofu hiyo hutufanya tumfunge mtoto kama mzigo wa matatu. Nimeletewa kliniki, mchana wa jua, mtoto wa wiki sita mwenye fulana, sweta, ovaroli, boshori na blanketi mbili, uso umejaa jasho na vipele vya joto shingoni. Mama akisema, "Anasumbuka, sijui ana nini." Nimonia huletwa na viini: bakteria na virusi. Huenea zaidi msimu wa baridi kwa sababu watu hujifungia pamoja ndani, wakikoholeana. Blanketi ya nne haizuii viini. Chanjo ndiyo inayosaidia, na kunyonyesha, na kunawa mikono.

Kujua kama mtoto ana joto la kutosha, usiguse mikono yake. Mikono ya mtoto mchanga huwa baridi mara nyingi hata akiwa mzima. Gusa kisogoni, chini ya nywele, au kifuani. Pakiwa na joto pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, punguza nguo. Pakiwa baridi, ongeza, na umkumbatie.

Nyumba za Kanada hupashwa joto kwa mitambo, hivyo ndani huwa kama siku ya kawaida ya Nairobi. Ukiingia nyumbani, dukani au ndani ya basi, mvue mtoto koti na kofia, hata kama amelala na unaogopa kumwamsha. Wakati wa kulala alazwe chali, kwenye kitanda chake, bila kofia, bila mito, na bila mablanketi mazito yanayoweza kumfunika uso. Joto likizidi wakati wa usingizi, huongeza hatari ya kile kifo cha ghafla cha watoto wachanga. Mfuko wa kulalia unaofungwa kwa zipu, wenye matundu ya mikono na shingo, ni bora kuliko blanketi.

Kwenye gari kuna jambo ambalo hapa kwetu hatulijui sana. Huko sheria hutaka mtoto akae kwenye kiti chake maalumu na afungwe mikanda. Ukimfunga akiwa na koti nene, mkanda unashika koti, haumshiki mtoto. Gari likigongana, koti linabonyea na mtoto anachomoka. Jaribu mwenyewe: mfunge na koti, kisha mtoe, mvue koti, umrudishe bila kuugusa mkanda. Utaona nafasi iliyobaki, na utashtuka. Basi mvike nguo za ndani na sweta jepesi, funga mkanda sawasawa, halafu mfunike kwa blanketi juu ya mkanda. Koti alivae akishuka. Na kiti hicho usikiokote wala usikinunue kwa mtu usiyemjua. Vina tarehe ya mwisho wa matumizi, na kilichowahi kupata ajali hakifai tena.

Je, leso? Kubeba mtoto mgongoni si makosa, ila katika baridi ile miguu yake huning'inia nje ya koti lako na uso wake huuoni. Afadhali umbebe kifuani, ndani ya koti lako kubwa, uso ukiwa wazi na pua ikipumua. Wale waliojifungua watoto njiti katika hospitali zetu wanajua malezi ya kangaruu, mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Mbinu hiyo ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na inafanya kazi kwa sababu mama ni chanzo cha joto, kitu ambacho koti haliwezi kuwa. Kwa hiyo ukinunua koti lako mwenyewe, chagua pana kidogo, litoshe wawili.

Tuzungumze pia kuhusu ngozi kuganda. Watabiri wa hali ya hewa wa Kanada hutangaza nambari mbili, ya baridi yenyewe na ya baridi pamoja na upepo. Fuata ya pili. Ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Ikifika 40, ni dakika 5 hadi 10 tu. Siku kama hizo mtoto mdogo abaki ndani. Vitabu vingi husema ngozi hubadilika kuwa nyekundu kisha nyeupe, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipopauka au kuwa kijivujivu, pagumu, panapong'aa kama mshumaa, na mtoto asiyehisi ukimgusa. Mtoto akilalamika vidole vinachoma kisha ghafla anyamaze, usifurahi. Huenda vimekufa ganzi.

Ukiona hivyo, mwingize ndani, mvue kilicholowa, na utie mkono au mguu kwenye maji ya uvuguvugu kama yale ya kumwogesha mtoto. Yapime kwa kiwiko chako, kwa kuwa yeye hatajua yakimchoma. Usisugue. Usipake theluji, hata jirani akikwambia. Usimweke karibu na moto au mtambo wa joto. Na kama mtoto amelegea, anasinzia ovyo, maneno yanamtoka vibaya, au mchanga amekataa kunyonya na kifua chake ni baridi, mwili mzima umepoa. Hapo piga simu 911, huku umemkumbatia ndani ya blanketi kavu.

Nisisahau jiko. Mtambo wa joto ukiharibika usiku, kamwe usiwashe makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua familia nzima ikiwa usingizini. Mpigie mwenye nyumba, laleni chumba kimoja, vaeni mlichonacho.

Mwisho, nguo hizi zote zinafunika ngozi, na jua la huko majira ya baridi ni dhaifu. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na mtoto akiikosa mifupa hulainika, miguu ikapinda matege. Kanada hushauri mtoto anayenyonya apewe matone ya vitamini D ya vipimo 400 kila siku. Ukifika, muulize muuguzi au daktari wa huko siku ya kwanza utakayompeleka. Mwonyeshe na kile kijitabu cha mama na mtoto, ili ajue chanjo alizopata na umwulize juu ya ile ya homa ya mafua, ambayo huko hutolewa kila mwaka kabla ya baridi kwa watoto kuanzia miezi 6. Kijitabu hicho nacho kikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na boshori.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuharisha kwa watoto msimu wa mvua. Kwaherini.